Mtu wa Mitungi Miwili

Tryphena Wakesho alipoambiwa kwamba wiki hiyo makao makuu yangemtuma mtu kujaribu kupenya ofisini kwao, usingizi ulimruka. Ofisi yenyewe, nje kidogo ya mji wa Voi, ilihifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali nyingi, mamilioni ya majina pamoja na maradhi yao, na yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa usalama wa data. Alibandika tangazo kila ukuta: USIMFUNGULIE MTU MLANGO. Jumanne asubuhi bosi wake, Evelyn, alisahau kadi nyumbani, akasimamishwa juani mpaka dereva alipoileta kutoka Mraru.

"Tryphena, mimi ndiye niliyekuajiri," Evelyn alisema dirishani.

"Najua, madam. Lakini mlango haujui."

Mchana, Evelyn akiwa mkutanoni na simu ameizima, akaja kijana aliyejiita Mulei. Alisema ametoka Mombasa kutengeneza mtambo wa kupoza chumba cha seva. Tryphena alimtazama ovaroli. Ilikuwa safi mno, bado ina mikunjo ya dukani.

"Nani amekuita?"

"Madam Evelyn."

"Hata tapeli angelijua jina hilo."

Mulei alijieleza mpaka mate yakamkauka, mwishowe akaonyeshwa lango. Tryphena alirudi kwenye kiti chake moyo mweupe. Jasusi alikuwa amenaswa, sasa angelala.

Kesho yake kulikuwa na lile joto la Voi la kulainisha lami. Mtambo wa kupoza ulikoroma kidogo, ukazima. Ronald, fundi wa kompyuta, alipoona seva zitaungua, aliacha mlango wa chumba wazi, akauzuia kwa kiti, kisha akatoka mbio kwenda madukani kutafuta feni.

Mifereji nayo ilikuwa mikavu tangu Jumapili. Tryphena alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma aliposikia mtu akihema. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limelowa jasho, mtungi wa maji kila mkono. Akamwamkia kwa Kidawida cha Bura, lugha ya Wataita wa milimani, kwa adabu zote.

"Dada, haya ni maji ya choo. Nishikie mlango, vidole vimekufa ganzi."

Tryphena alikulia Sagalla, akipanda mlima na maji kichwani tangu utotoni. Kumwacha mtu amesimama na mzigo wa maji hakuweza. Alipitisha kadi, akabonyeza kidole, akaushikilia mlango kwa mgongo.

"Pole sana, kaka. Choo kiko mwisho kabisa. Ukifika kwa kile chumba chenye kiti mlangoni, angalia usijikwae."

"Mungu akubariki, dada."

Chai ya saa nne haijapoa, Evelyn akamwita ofisini kwake. Mwenye mitungi alikuwa ameketi humo, amevaa koti.

"Huyu ni Alexander, wa makao makuu," Evelyn alisema. "Ametoka chumba cha seva. Kila mashine ameibandika karatasi nyekundu imeandikwa NIMEIBIWA."

Tryphena alihisi masikio yakimwaka moto.

"Mbona hukuniuliza kadi?" Alexander alimuuliza, bila ubaya.

"Ungeitoa kwa mkono gani?"

Alexander alikohoa kuficha kicheko. Evelyn hakuficha hasira. "Na fundi wangu wa mtambo? Mbona mpaka leo hajafika?"

Tryphena aliikumbuka ile ovaroli yenye mikunjo ya dukani, akageuza macho kwenye lango.

Hakufukuzwa kazi. Evelyn alimpa simu tu, akamwambia ampigie Mulei yeye mwenyewe, hapo hapo, wakisikia. Tryphena aliomba radhi mara kadhaa, huku upande wa pili kukisikika mtu akitafuna kitu bila haraka.

Mulei alirudi Alhamisi. Salamu yake ilikuwa fupi. Alipiga magoti nyuma ya mtambo, jasho likimchuruzika machoni, na Tryphena, aliyepaswa kumchunga asiguse mashine nyingine, alichukua faili tupu mezani, akachuchumaa kando yake, akaanza kumpepea.

"Zaidi huku shingoni," Mulei alisema.

Akasogeza faili.