Barabara ya Mita Kumi na Mbili

Mwalimu Atumani alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Miaka tisa alikuwa akiwafundisha vijana wa Kasongo kupima ardhi, na mitatu ya mwisho alifundisha kwa kompyuta nne zilizotegemea jua, wanafunzi sita kwa kila moja, wakigombania kipanya kama kuku kwenye punje moja. Programu yenyewe ya kuchora ramani, QGIS, ilikuwa ya bure. Ilifika kwa flashi kutoka Kindu. Neema ilikuwa hiyo tu. Mengine yote yalimla koo na macho.

Mwaka huu zoezi la mwisho halikuwa mchezo. Ofisi ya ardhi iliahidi kuchukua mchoro wa mtaa mpya, upande wa njia ya Wamaza, kutoka darasani kwake na kuufuata kama ulivyo: viwanja, mitaro, na barabara kuu yenye upana wa mita kumi na mbili. Wanafunzi walizunguka huko wiki mbili na GPS, wakiandika kila nyumba. Mwalimu aliwapa sheria moja: barabara inyooke, ibomoe nyumba chache iwezekanavyo.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Chadia, kiongozi wa kundi lililowashinda wengine wote, alimfungulia kazi yao. Ilikuwa safi. Barabara ilitoka sokoni, ikanyooka vizuri, kisha ghafla ikatoa tumbo upande wa kushoto na kurudi mahali pake.

"Hapa inapinda juu ya nini?" mwalimu alitaka kujua sababu.

"Hapo iko mutelemuko, mwalimu."

Mteremko gani? Alipita hapo kila siku ya Mungu. Akaweka picha ya setilaiti chini ya mchoro, na hapo pakatokea bati jipya lisilo na alama yoyote. Waliandika nyumba mia mbili na kumi na nne wakaacha moja: ya mwalimu mwenyewe. Na lile tumbo la barabara lilikuwa limelala juu ya nyumba mbili za matofali mabichi, ya mjane Anastasie na ya bintiye Darlène.

Chadia aliinamisha kichwa. "Mwalimu, ni weye ulitufundisha. Tungeanza namna gani kubomoa kwako?"

"Na kwa mama Anastasie munaweza?"

"Ule hatumujui."

Ukweli usemwe: kitu cha kwanza alichokisikia Atumani kilikuwa furaha. Miaka saba yeye na mkewe Asma waliijenga nyumba ile tofali kwa tofali, bati kwa bati. Ilibaki saini yake tu, na hakuna ambaye angeuliza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, watu husema, na vijana hawa walikuwa wamemgeuzia upande mtamu kwa mapenzi tu. Kisha furaha ile ikamtia haya, haya kali, mbele ya watoto wa watu. Alitamani wangekuwa wamemchukia kidogo. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Sogea," alimwambia Chadia.

Akashika kipanya, akafuta nukta za ile kona moja baada ya nyingine, saba zote. Barabara ikanyooka. Akaweka alama juu ya bati lake, na kwenye safu ya mwenye nyumba akaandika jina lake kamili. Kompyuta ikahesabu upya nyumba za kubomolewa: zilikuwa kumi na mbili, zikawa kumi na moja. Akatia saini. Chadia alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu.

Nyumbani alimkuta Asma akipaka chokaa ukuta wa mbele.

"Acha kwanza hiyo chokaa," alisema. Akakaa chini, mgongo ukutani, akamweleza habari ya barabara na mahali itakapopita.

Asma alishusha brashi. Alikuwa amewapikia wanafunzi hao mara nyingi, hapo hapo uani. "Hao watoto wako," alisema polepole, "ndio walichora njia juu ya nyumba yetu?"

"Hapana. Wao waliipitisha kando," Atumani alisema. "Ni miye niliinyoosha."