Pumzi ya Bibi na Gari la Mkurugenzi

Fundi alitandika gunia safi kando ya gari jekundu la Mkurugenzi wa hospitali, akamwaga juu yake vyote vilivyokuwa kwenye boksi. Lilikuwa gari la michezo, la milango miwili, la zamani kuliko fundi mwenyewe, na lilikuwa na tabia ya watu wazito: halikufanya lolote kabla ya kukohoa. Aliyelipaka rangi alikuwa ameng'oa kila kilichohusu hewa ya injini, akakitupa boksini, akaenda zake. Kazi ya fundi ilikuwa kutambua kipi ni kipi na kukirudisha mahali pake kabla ya maonyesho ya magari ya kale siku ya Jumamosi.

Nyavu mbili za matundu ya boneti hazikumsumbua. Wa kushoto ulikuwa umepinda pembe, na boneti ilikuwa na kovu upande huohuo. Vijibomba vya kutolea mvuke wa injini alivijua kwa weusi wake. Mwishowe ukabaki mpira mmoja wa bomba, mweupe, laini, wenye mikunjo kama koo la jogoo aliyenyonyolewa. Haukunuka oili. Ulinuka dawa.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja, iliyoachwa na marehemu baba yake fundi: kifaa hakibaki. Anayefunga injini akabakiza hata nati moja, huyo ni mwizi, na shughuli za mazishi yake zisifanyike pale. Fundi akampigia simu Mkurugenzi kumuuliza habari za mpira ule.

"Wa gari ulikuwa umeoza, huo nimeutoa hospitali," Mkurugenzi alisema. "Ulikuwa umelala tu kwenye mashine ya kupumulia."

"Na mashine, mkuu?"

"Mashine ni ya umma. Gari ni langu. Wewe funga."

Fundi akaufunga kati ya kifuniko cha injini na kabureta. Uliingia kama uliozaliwa pale. Akakaza klipu, akawasha. Gari halikukohoa. Lilisafisha koo, kisha likasema kupitia matundu ya boneti, "Mume wangu, umekonda."

Ilikuwa sauti ya bibi yake, mzaa mama, aliyelazwa kwa maradhi ya kifua katika hospitali ya Mkurugenzi. Alimwita mume wangu tangu akiwa mchanga, na mke wa fundi alishazoea kuitwa mke mwenza na kuulizwa lini atahama.

"Shikamoo, bibi," fundi aliliambia gari.

"Marahaba. Wamenichukulia pumzi, nikaona niifuate. Usizime."

Fundi aliacha injini ikinguruma, akamwachia mkewe zamu, akaenda wodini. Bibi alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu, hasemi neno, akitoa puani moshi mweusi mwembamba. Muuguzi alikuwa amemfungulia dirisha. Alieleza kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, ila petroli inamzidi kuliko hewa. Fundi alikubaliana naye. Aliporudi alilegeza kidogo skrubu ya hewa ya kabureta, na wodini moshi ukakatika.

Jioni mkewe alizima gari ili akoroge uji kwa utulivu. Uji haujachemka, muuguzi akapiga simu kusema kwamba midomo ya bibi imegeuka rangi ya majivu. Gari likawashwa upesi. Jambo la kwanza lililotoka bonetini lilikuwa matusi ya kumkumbusha mke mwenza kwamba wivu ni dhambi.

Kesho yake fundi akaenda kwa mtunza stoo wa hospitali, akaomba kuurudisha mpira. Mtunza stoo alimsikiliza kwa heshima zote. Alieleza kwamba mashine ile ni nzima. Mkurugenzi aliikagua mwenyewe, na kwa sababu ya uzima wake imefungiwa kwenye kabati la vioo pale mapokezi, ili wageni waione. Haikupungukiwa na kitu.

"Kisichotoka hakirudi," alisema. "Ukiuleta huo mpira utakuwa wa ziada. Vya ziada tunavichoma."

Fundi akapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi, akamweleza kwamba bibi yake anapumua kwa injini ya gari lake. Mkurugenzi alitafakari, kidevu mkononi.

"Analalamika?"

Fundi alisema kweli, kwamba bibi hajalalamika ila kuhusu mlio wa feni.

"Basi rekebisha feni," Mkurugenzi alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa roho mbaya, akaagiza petroli ya gari lake itoke katika fungu la dawa, kwani sasa ni matibabu.

Jumamosi gari lilishinda kombe. Mwamuzi aliinama kwenye boneti, akaulizwa ni mtoto wa nani na kwa nini hajaoa, akajibu yote mawili kwa adabu, akaandika kwamba injini inapumua vizuri. Bodi ya hospitali ilimpongeza Mkurugenzi. Mjumbe mmoja aliyekuwa na gari lake la kale lisilo na mpira aliomba kutembezwa wodini.

Siku hizi gari halizimwi, na ndugu wa bibi huenda kumjulia hali popote lilipoegeshwa: nje ya hoteli, nje ya benki, nje ya nyumba fulani ambayo mke wa Mkurugenzi haijui na bibi anaijua vizuri sana. Husimama mbele ya boneti, huinama, humwamkia mmoja baada ya mwingine. Mkurugenzi akitoka huwakuta hivyo, vichwa chini, akawapungia mkono. Huwaambia alio nao kwamba uongozi ni kupendwa, kisha hukanyaga mafuta, na bibi huondoka kabla hajamaliza kuitikia.