Waliokula na Mboje

Mwizi wa ng'ombe wa Nyanjige alikamatwa saa nne asubuhi, na kabla hajafikishwa kijijini watu walikuwa wameshaamua afe.

Nyanjige alisikia firimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, akiwa uani anachambua pamba. Hakusimama. Aliyekuwa akizikimbilia firimbi zile ni Mboje, mumewe, na Mboje walimzika mwezi wa pili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ntemi, mkuu wa sungusungu wa kijiji kile, mtu mrefu, mwembamba, asiyebeba hata fimbo ya kuchungia. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyepigwa mbele yake, awe mwizi, awe mlevi, awe bibi kizee aliyesingiziwa uchawi kwa sababu tu macho yake yameiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

Sheria yake ilikuwa moja. Mtuhumiwa akikamatwa, analetwa kwake na analishwa kwanza. Mboje anakaa naye chini, wananawa, wanakula sahani moja. Baada ya hapo ndipo maswali, ndipo faini, ndipo polisi waitwe kutoka Bariadi. "Mkono mliogongana nao kwenye mboga," alikuwa akisema, "hamwezi kuuvunja." Walimcheka, wakamwita mwoga. Siku moja jiwe lilimpasua paji la uso akiwa amesimama mlangoni kwa bibi mmoja. Alifuta damu kwa kiganja, akaendelea kusimama. Baada ya siku ile walimtii.

Hayo watu huyasimulia mpaka Malampaka, ila husahau jambo moja: ugali haujikorogi. Ugali wote ule aliukoroga Nyanjige. Alikoroga akiwa na mimba, alikoroga akiwa na homa, aliwakorogea wezi wa mbuzi na wezi wa baiskeli, akatoa nje, akaweka chini, akarudi jikoni. Kwao wanaume hula na wanaume, na wanawake hula na watoto. Miaka thelathini na minane ya ndoa, hakuwahi hata siku moja kumega tonge kwenye sahani moja na mumewe. Wezi walimega. Na sasa, nyumba ilipokuwa kimya, hilo ndilo lililomuuma kuliko kaburi lenyewe.

Kelele zikaingia uani. Mbele alikuwa Masalu, kijana aliyerithi firimbi ya Mboje, akivuta kamba. Mwishoni mwa kamba kulikuwa na mtu amefungwa mikono, mdomo umevimba. Nyuma yao kijiji kizima, marungu mabegani, vijana wawili simu juu wakirekodi.

"Mayu," Masalu alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe wako tumempata. Ameshachinjwa. Nyama ilikuwa kwenye viroba."

"Yule mwekundu?"

"Yule yule."

Alikuwa amebaki huyo mmoja tu, wengine waliuzwa Mboje alipougua. Kila jioni Nyanjige alikuwa akienda zizini kumwekea mkono mgongoni, pale pale Mboje alipokuwa akiegemea wakati wa kukamua.

"Na mwizi mwenyewe mtazame," mtu alipaza sauti. "Humkumbuki?"

Alimkumbuka. Aliitwa Ndaki. Miaka minane iliyopita aliiba mbuzi watatu, akaletwa hapa hapa, akala.

"Alikula akashiba, akarudi!"

"Ugali wa Mboje ulimnenepesha tu!"

Wakacheka. Maige, dereva wa bodaboda, alisogea mbele na chupa ya petroli mkononi. "Ntemi alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema. Lakini wema wake tumemzika nao. Leo mayu apumzike, tutapika sisi."

Masalu aliinama karibu na sikio la Nyanjige. "Nimewalazimisha wapite kwako kwanza, na polisi nimewaita kwa siri. Zaidi ya hapo sina nguvu. Mwenye ng'ombe ni wewe. Ukiingia ndani ukafunga mlango, nitajua umesema nini, na wao watajua."

Nyanjige alimtazama Ndaki, akawatazama watu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nje wakashangilia.

Kusema kweli, alitamani afe. Alisimama gizani jikoni, akamwona yule ng'ombe kwenye viroba, na moyo wake ukasema: wacha. Huruma hakuwa nayo hata chembe. Kilichomfanya achochee moto ni kitu kingine. Alifikiri: yule mtu amekula na Mboje. Alikaa naye goti kwa goti, akamsikia akitafuna, akasikia maneno ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Wakimchoma, wanamchoma nayo.

Moshi ulipotoka juu ya paa la jikoni, nje kelele zilipungua. Moshi ule waliujua: mtu analishwa kwanza, na Masalu akaishikilia kamba.

Alitoka na ugali wa mtama na bakuli la nsansa, majani makavu ya kunde aliyoyaunga kwa karanga. Akaweka chini katikati ya uwanja.

"Masalu, kaa ule naye."

Masalu aliwatazama wenzake, akatazama chini. "Mayu, wataniona..."

"Maige?"

"Mimi? Mimi nimeshiba!"

"Chakula kipo, mlaji hayupo!" mtu alidakia, na kicheko kikaanza upya.

Nyanjige akakunja kanga yake, akakaa chini mwenyewe.

Kicheko kilikatika. Mwanamke, mjane wa juzi, kukaa sahani moja na mwanamume mwizi mbele za watu! Mzee mmoja alitema mate. Wengine waligeuza nyuso kama wamemkuta mama yao anaoga.

"Mfungueni mkono wa kulia," alisema. "Wa kushoto ubaki."

Akamnawisha. Ndaki alimega tonge, akalichovya kwenye nsansa.

"Alikuwa anakulaje?" Nyanjige aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani, mayu?"

"Mume wangu. Wewe ulikula naye. Alikuwa anakulaje?"

Ndaki alidhani ni mtego. Alimtazama Masalu, akaitazama petroli. "Polepole," alisema mwishowe. "Alikuwa akinisogezea mboga upande wangu. Aliniambia nisile kwa pupa, watu wasije wakanionea huruma. Alisema hataki nionewe huruma, anataka nione aibu."

"Na ukaiona?"

"Niliiona, mayu. Miaka saba niliiona. Mwaka huu ikanitoka."

"Alisema nini tena?"

"Heri nisiseme."

"Sema."

"Niliuliza kwa nini aliyepika haji kula.  Akasema amewavunjia watu wa hapa mila nyingi, hata mawe hayakumtisha, ila kumwita mke wake aje akae naye sahani moja, hilo limemshinda. Anaogopa watamcheka. Akasema ipo siku atamwita."

 Nyanjige alijua kwamba mtu anayeililia roho yake husema lolote. Alijua pia kwamba Mboje, aliyesimama mbele ya jiwe, alikuwa mtu wa kuogopa kitu kidogo kama hicho.

"Hakuniita," alisema.

Machozi yalimdondokea mkononi, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa na ugali.

Masalu alikuwa amesikia yote. Aliishusha firimbi shingoni, akaiweka juu ya jiwe, akanawa, akakaa. Mkono wake uligongana na wa Ndaki kwenye nsansa, akauvuta kidogo, kisha akaurudisha. Mmoja wa wale vijana alishusha simu. Maige aliwatazama kwa muda mrefu, akatukana kimoyomoyo, akaiendea pikipiki yake na kuimimina petroli yote tangini taratibu, maana petroli ni ghali.

Gari la polisi lilifika kutoka Bariadi wakiwa bado wamekaa. Askari alishuka, akauliza mtuhumiwa yuko wapi na mlalamikaji ni nani.

"Mlalamikaji ni mimi," Nyanjige alisema bila kugeuka. "Mtamchukua. Subirini kidogo."

Sahani ilikuwa imebaki na tonge moja tu. Alilishika, akalikata vipande viwili, akamsogezea Ndaki kimoja.

"Endelea," alimwambia. "Akimaliza kula, alikuwa anafanya nini?"