Mkuyu wa Twalha

Mimi Chausiku sipangiwi mti wa kupanda. Kaka yangu Abdulrazak analijua hilo tangu utoto wetu, lakini siku tulipoanza kulipanda upya shamba la marehemu baba, pale Kaole, alijisahaulisha. Alitaka minazi kwa safu, miembe ya kisasa, na mitiki mpakani. Nikamwambia nusu yake afanye atakavyo, nusu yangu mimi nataka ndege. Akacheka mpaka akakohoa.

Acha acheke. Baba alipokuwa hai shamba lile halikunyamaza: hondohondo, ninga, na kima wezi wa mapera. Miti ilipokatwa ikawa mkaa, wakabaki kunguru peke yao, na kunguru mimi simhesabu kuwa ndege.

Basi nikachagua miti kwa kufuata midomo ya walaji. Nilipanda mbambakofi, mti mgumu wa milango ya zamani ya Bagamoyo, kwa sababu punje zake nyeusi zina kofia nyekundu ambazo hondohondo anazipenda sana. Mbambakofi hauna haraka, kwa hiyo nikaongeza mizambarau na mipera ya kuzaa upesi. Katikati ya nusu yangu, si mbali na kisima, nikachomeka tawi nene la mkuyu, maana mkuyu huzaa hata wakati miti mingine haina kitu.

Mkuyu huo ndio uliotugombanisha. Kaka alisema ni makao ya mashetani, tena mizizi yake itakipasua kisima, na mbao zake hazina mnunuzi. Akaapa kwamba ukishika tu, ataukata. Iliniuma, wallahi. Bila mkuyu ndege wangekuja msimu mmoja na kuondoka, na mimi nilitaka wahamie.

Mwezi uleule binti yake, Naila, akajifungua, akaja kwangu kukaa arobaini. Mtoto wakamwita Twalha. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka hufukiwa, juu yake ukapandwa mnazi, na mti huo unakuwa wa mtoto. Hakuna anayethubutu kuutia shoka. Kaka akaleta mche wa mnazi, mzuri kweli. Nikaupanda karibu na nyumba yake kama alivyotaka. Ila kitovu nilikifukia chini ya mkuyu. Naila alikuwa amesimama pembeni yangu, mtoto mkononi.

"Fukia, shangazi," alisema. "Baba atazoea."

Kaka hatukumwambia. Miaka ikapita, mkuyu ukanenepa, kaka akitishia tu kuukata bila kuleta shoka, huku akiumwagilia ule mnazi kila asubuhi, akiusemesha kama mtu.

Kisha mzizi mmoja ukachungulia kisimani. Kaka akaja na shoka begani, wala salamu hakunipa. Nilikwenda nikasimama mbele ya shina.

"Weka shoka chini, kaka. Kitovu cha Twalha kiko hapa."

Akasema namfanyia mzaha. Akatoa simu, akampigia Naila. Sijui Naila alimwambia nini, ila nilimwona kaka akinywea palepale, shoka likateremka taratibu mpaka majanini.

"Na mnazi niliouhangaikia miaka yote hii?"

"Utakupa nazi."

Alininunia mpaka Ijumaa. Jumamosi alikuja na jembe, akachimba mtaro mrefu kati ya kisima na mkuyu ili mizizi igeukie upande mwingine. Hakuniomba nimsaidie, nami sikujitolea.

Masika yalipokwisha, kuyu ziliiva mpaka kwenye shina. Asubuhi moja kaka alitoka mbio na kikoi chake, maana alisikia mtoto analia shambani. Twalha, aliyekuja kwetu likizo, alikuwa jikoni kwangu, anakunywa uji. Waliokuwa wakilia ni hondohondo wawili juu ya mkuyu, kwa sauti yao ileile ya kitoto ambayo hatukuwa tumeisikia tangu baba afariki. Kaka aliwatazama mpaka macho yakamlowa, na mimi vilevile. Kisha akaingia jikoni, akambeba mjukuu wake na uji wake mdomoni, akamleta chini ya mti.

"Twalha," alisema, "wapokee wageni wako."