Ku Nyekundu za Mjukuu Wangu

Mkatili, wanasema. Haya, na waseme. Hapa mtaani kwetu Katong kila mwenye mdomo amenisema, na midomo yenyewe imenona kwa kueh, keki za mvuke, za duka langu. Huyo Poh Imm wanayemlilia, nani alimfundisha kukanda? Mimi. Alipoolewa na mwanangu Keng Hoe alikuja hapa kutoka mji wa Muar hajui hata kukamua tui.

Siku ile mjukuu wangu alikuwa anatimiza mwezi. Mjukuu wa kwanza, wa binti yangu Geok Lian, aliyekaa miaka bila mtoto mpaka watu wakawa wananiuliza kwa macho. Kwetu mtoto akitimiza mwezi hupelekwa ku nyekundu nyumba kwa nyumba: unga wa kunata, choroko ndani, na juu alama ya mgongo wa kobe, ili mtoto aishi sana. Na ku nyekundu haiguswi na mwenye msiba. Hata jikoni haingii. Akigusa, mtoto ndiye atakayelipa, na hilo halina mjadala.

Jana yake jioni Poh Imm alinijia huku anafuta mikono kwenye aproni.

"Mama, kaka amepiga simu. Mama yangu ana hali mbaya, anauliza nitafika lini. Nipe ruhusa, basi la Muar bado lipo."

"Na ku za mtoto atakanda nani? Mimi na vidole hivi?" Baridi yabisi imenipinda vidole, anajua.

"Nikamwone tu, Mama. Nitarudi asubuhi."

"Mama yako kila mwezi anakufa, kila mwezi anafufuka. Maliza kazi, kesho mchana uende ukakae huko mpaka uchoke."

Keng Hoe alikuwa anakula palepale mezani. Akajiongezea wali. Mwanangu huyo mbele yangu hana neno, ndivyo nilivyomlea.

Alfajiri simu ya kaunta ikalia. Kaka mtu. Mama yao amekata roho.

"Mama yenu amekufa? Pole sana, mwanangu," nikamwambia. "Nitamwambia mwenyewe."

Nikakata. Nilitaka kumwita papo hapo, siwezi kusema uongo. Lakini nikajiambia: msiba humpata mtu akishaambiwa. Asiyejua hana msiba, na mikono yake bado ni safi. Nikapaza sauti, "Poh Imm! Moto vipi huko?"

"Uko tayari, Mama."

Basi, akakanda. Akajaza choroko, akagandamiza kwenye vibao vyetu vilivyochongwa mgongo wa kobe, akapanga juu ya vipande vya jani la mgomba, akaweka kwenye mvuke. Tulipofungua mlango foleni ilishafika kwa fundi saa jirani yetu, na wa kwanza alikuwa shoga yangu Bibi Chwee, anayekuja kila asubuhi kuonja na kutafuta kasoro.

"Leo mkweo anatulisha nini, gundi au sabuni?" akauliza, na watu wakacheka.

"Ngoja nionje mimi kwanza, nisije nikakuua."

Poh Imm akaleta sinia. Huwa naonja mbele ya wateja wote, na mara nyingi natema kwenye karatasi ili ajifunze. Siku hiyo nilitafuna, nikameza, nikachukua nyingine. Laini, choroko haikwami kooni, na kachumvi kale kanakoamsha sukari kamekaa mahali pake.

"Leo umepata mkono, hata chumvi imekaa," nikamwambia. Sikuwahi kumwambia hivyo tangu aolewe.

"Asante, Mama," akasema, macho makavu.

Geok Lian akaja na mtoto wake begani. Akala ku akiwa amesimama, akalamba vidole, akapeleka vikapu kwa wakwe zake na kwa majirani, halafu akarudi kunywa chai. Kazi ya mtoto ikawa imekwisha. Nikaona sasa ni wakati. Nikamvuta Poh Imm pembeni, ingawa duka letu lilivyo dogo, pembeni ni palepale kaunta.

"Mwanangu, jikaze. Kaka yako amepiga simu sasa hivi. Mama yako hatunaye."

"Sasa hivi?" Alisema kwa sauti, foleni nzima ikageuka. "Alipiga alfajiri, Mama. Nilikuwa nyuma ya mlango na sufuria ya tui. Nilikusikia."

"Ulijua? Ukajua na ukakanda?"

"Nimekanda zote. Kila moja nimemlilia mama yangu. Umeisifu chumvi? Ndiyo hiyo."

Bibi Chwee, aliyekuwa bado yupo anatafuna, alitema kiganjani. Mwanamume mmoja akarudisha boksi lake juu ya kaunta, akalisukuma mbali kwa ncha ya kidole.

"Mchawi we!" nikapiga kelele. "Mtoto mchanga amekukosea nini?"

"Na mama yangu alikukosea nini?"

Akavua aproni, akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cheusi cha msiba alichokuwa nacho muda wote, akakibana na pini kwenye mkono wa blauzi. Akatoka. Keng Hoe akachukua funguo, akamfuata. Hakuniaga.

Nikamgeukia binti yangu. "Umemwona nyoka? Umemwona?"

Geok Lian alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mama, wewe ulijua tangu alfajiri?"

"Nilijua, lakini nilidhani yeye hajui. Asiyejua hana…"

"Ukaniangalia nikila. Ukaniacha nipeleke kwa wakwe zangu, nimbebe mwanangu kwa vidole hivihivi."

"Nipe mtoto, ukae kwanza."

"Usimguse."

"Mwanangu, mimi sina msiba!"

"Nimesema usimguse."

Akaondoka naye.

Ku zile hazikumdhuru mtoto. Hata mafua hakuugua. Sasa anasoma shule, kijana mnene, mashavu tele. Namwona akipita na mama yake ng'ambo ya barabara, wameshikana mikono, siku nyingine ananyoosha kidole kuelekea dukani kwangu. Mama yake anamvuta, wanaendelea na safari yao.