Ameumia Nyumbani

Saa moja asubuhi Verediana alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mapokezi ya hospitali, mwanawe Adrian mgongoni, simu mkononi, akipitia mada yake kwa mara ya mwisho. Saa nne alitakiwa mbele ya jopo la chuo. Miaka sita alikuwa mhadhiri msaidizi, na jopo hilo lilikuwa limeahirishwa mara mbili: kwanza mwenyekiti alisafiri, halafu eti fomu zimebadilika. Asipopandishwa leo ndiyo basi tena, maana mkataba wake na chuo unaisha mwezi ujao.

Pembeni yake alikaa Yusta, dada wa kazi, mkono wa kulia ameulaza juu ya kanga iliyokunjwa. Umevimba mpaka vidole havikunjiki. Maji ya mtaani kwao Kihesa hutoka alfajiri, ukichelewa imekula kwako, na Yusta alikuwa kwenye ndoo ya tatu alipoteleza kwenye ngazi za uani. Hakulia. Aliomba radhi kwa kumwaga maji. Hilo lilimuumiza Verediana kuliko yote. Alikwenda kuita bajaji na kumpigia simu baba yake Yusta kule Rujewa.

Mada yenyewe ilihusu wasichana wanaotoka vijijini kwenda kulea watoto na wagonjwa wa watu mjini. Alikuwa amewahoji mia moja na arobaini, Mbeya na Iringa, majikoni, sokoni Mlandege, nje ya makanisa baada ya ibada. Hoja yake ilikuwa moja: yule si ndugu, ni mfanyakazi, na nyumba ya mtu ni mahali pa kazi. Ungemsikia anavyolisema ungempigia makofi.

Sasa tuseme kweli. Yusta mwenyewe hana mkataba. Si kwamba Verediana hakujaribu. Miaka mitatu iliyopita alifunga safari mpaka Rujewa na karatasi mbili, kila kitu kimeandikwa: mshahara, mapumziko, likizo. Mzee Sosthenes, baba mtu, alizisoma polepole mpaka mwisho, akazirudisha. Alisema kwao karatasi huandikwa watu wakiuziana ng'ombe. Mtoto hauzwi. Mtoto anapewa mtu akae naye, na anayempokea anakuwa mzazi wake. Aliudhika kabisa, yule mzee. Verediana akazikunja karatasi zake, akaomba msamaha, akanywa chai. Na moyoni, Mungu anamwona, alishusha pumzi. Nyumba za chuo haziruhusu mtu asiye wa familia, na kwenye fomu ya nyumba alikuwa ameshaandika: Yusta, mdogo wangu.

Muuguzi wa mapokezi, mama wa makamo aliyeitwa Faustina, aliwaita dirishani. Aliandika jina, akaandika umri, miaka kumi na tisa, kisha akauliza binti ameumia wapi, nyumbani au kazini. Alieleza kwa upole kwamba wa kazini ana fomu yake. Mwajiri anasaini, nakala inakwenda ofisi ya kazi, na matibabu yanafuatiliwa hadi mwisho, hata kama ni upasuaji. Wa nyumbani, kila mtu na mfuko wake.

Verediana aliiona ile nakala ikisafiri. Ofisi ya kazi itapiga simu chuoni. Chuo kitafungua faili la nyumba. Akatazama saa.

"Nyumbani," alisema. "Ni mdogo wangu."

Faustina akamgeukia Yusta. "Ndivyo, binti?"

Yusta aliitazama kanga yake. "Ndiyo. Ni dada yangu."

Kalamu ikaandika. Verediana alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, akajiambia atarekebisha baadaye.

Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pawili, unataka chuma. Bila chuma, hogo la plasta litaushika, lakini mkono utabaki umepinda na hautabeba kitu kizito tena. Bima ya Verediana ilimhusu mume, aliyekuwa kazini Mbeya, na mtoto. Mdogo hamo. Daktari akasema wajipange, wakiwa tayari waje. Wakamfunga hogo. Saa tatu na nusu Verediana aliwashusha nyumbani, akamwachia Yusta mtoto amlee kwa mkono mmoja, akakimbilia chuoni.

Jopo lilimpenda. Profesa mmoja aliuliza ni ugumu gani mkubwa alioukuta katika utafiti. Alijibu kwamba ni waajiri wenyewe, kwamba hawajioni kuwa ni waajiri. Wote watano waliinamisha vichwa wakaandika. Mwenyekiti akamshika mkono, akamwambia hongera, mhadhiri. Verediana akaenda chooni, akafungua bomba, akalia humo mpaka alipotosheka.

Njiani aliamua. Atarudi kwa Faustina kubadilisha fomu, na litakalokuwa na liwe. Ni rahisi kuwa jasiri ukishapita, lakini aliamua kweli.

Nyumbani alimkuta Mzee Sosthenes sebuleni, vumbi la safari bado kwenye viatu, na mfuko wa Yusta umeshafungwa, mwingine mdogo pembeni yake. Verediana hakukaa hata chini, alimweleza yote: fomu, chuma, ofisi ya kazi. Kilichobaki ni mzee kukubali kwamba mwanawe alikuwa ameajiriwa. Mzee alisikiliza, na uso ukamkauka.

"Nilikupa mtoto, mwalimu," alisema. "Leo unaniambia ulikuwa na kibarua?"

Alisema hawadai kitu, ajali ni ajali. Rujewa kuna mtu anayeunga mifupa, ameunga mingi. Kisha sauti ikalainika. Alisema anajua nyumba haiwezi kukaa bila mtu, na mwalimu ana kazi ya watu. Akaita. Kutoka jikoni akatokea msichana mwembamba, Adrian kiunoni, tayari amemtuliza. Huyo ni Blessing, alisema mzee, mdogo wake Yusta. Ana miaka kumi na mitatu, amemaliza la saba. Kulea anajua.

Kesho saa mbili Verediana alikuwa na darasa, wanafunzi tisini. Alimtazama yule mtoto aliyembeba mtoto, na maneno yakamtoka mdomoni yenyewe.

"Karibu, mwanangu."

Blessing akapiga goti. Yusta, ambaye siku zote za miaka mitatu ungemsikia akijibu ndiyo dada, abee dada, alisimama.

"Hata mimi ulinikaribisha hivyo hivyo," alisema.

Hakupandisha sauti. Alimtoa Adrian kiunoni kwa mdogo wake kwa mkono mmoja, akamkalisha kwenye mkeka. Akaokota mifuko yote miwili kwa mkono wa kushoto, akamwambia Blessing avae viatu. Mzee akamwona binti yake usoni, akainuka kuwafuata. Verediana alibaki amesimama katikati ya sebule, Adrian analia, na hakuna aliyegeuka.