Matanga ya Kitumbua

Eva wa darasa la tano alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyemuua Kitumbua, na hakutaka mtu ambishie.

Kitumbua alikuwa sungura mweupe mwenye baka la kahawia mgongoni, mithili ya kitumbua kilichoungua kidogo upande mmoja. Ndugu yake, wa kijivu, aliitwa Bagia. Walikaa nyumbani kwa mama yake Eva pale Mafiga, kwenye banda la mbao na wavu lililoegemea ukuta wa jiko.

Mambo yalikuwa hivi. Bibi Kristina, mama yake mama, analima kabichi na karoti kule Mgeta milimani. Kila akipata gari la mboga linaloshuka mjini, hutuma salfeti moja, gunia la plastiki, ya yale majani ya nje ya kabichi ambayo wachuuzi hawayataki. Majani hukatwa na umande wake, yakashindiliwa, kisha yakakaliwa na magunia mengine njia nzima. Yakifika mjini yameshachemka. Ukiingiza mkono katikati unakutana na joto kama la uji ulioipuliwa sasa hivi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Majani yanamwagwa kivulini juu ya mkeka mchakavu, yanatandazwa, yanalala mpaka yapoe na kunyauka, ndipo sungura wapewe, wasije wakavimba tumbo. Eva aliujua utaratibu huo vizuri kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa jirani.

Lakini Jumapili ile jioni wenzake walikuwa wanamwita nje. Mchezo wa rede umeanza, upande wao umepungukiwa mtu. Akaingiza mkono kwenye salfeti, akahisi joto, akajisemea, leo tu. Akatupa majani bandani akakimbia. Bagia alinusa akageuka zake. Kitumbua, ambaye hajawahi kukataa chakula tangu azaliwe, alikula yake akala na ya mwenzake. Giza lilipoingia tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Mama alimkanda sana kwa mafuta ya vuguvugu, wapi. Kitumbua hakuiona asubuhi.

Walimzika pembeni ya mpapai. Tangu hapo Eva hakuligusa tena banda. Mama ndiye aliyemlisha Bagia kabla ya kwenda kazini, na kila akimwita Eva, Eva alikuwa na daftari la kufunika au sahani ya kuosha. Mwisho akasema lililokuwa moyoni.

"Mama, mpigie kaka Alois wa Mwembesongo aje amchukue Bagia."

"Unajua Alois akishawachukua anawapeleka wapi?"

"Najua. Kwenye sufuria za watu."

"Na bado unataka?"

"Kwangu atakufa tu. Bora asife kwa mkono wangu."

Mama akachukua simu. Akampigia Alois, wakapatana aje Jumamosi mchana. Halafu, bila kumwambia Eva, akampigia na Bibi.

Jumamosi asubuhi Bibi Kristina akashuka na salfeti nyingine ya majani, kabichi moja kubwa la kula na mfuko wa njegere.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mama. Poleni na msiba."

Eva alishtuka. Shuleni walikuwa wamemwambia sungura tu huyo, utapata mwingine. Bibi akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya njegere, akamtaka amweleze yote toka mwanzo. Eva akaeleza. Bibi hakumkatisha, njegere zilidondoka kwenye ungo moja moja.

"Ulihisi joto?"

"Nilihisi."

"Ukampa."

"Nikampa."

"Basi kosa ni lako," alisema Bibi, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia maji yamechemka.

Ajabu ni kwamba Eva hakuumia. Mama alikuwa amesema sungura mwenyewe alikuwa mlafi, mwalimu akasema ni mipango ya Mungu, na kila mmoja alipokuwa anamfariji Eva alibaki na mzigo wake mikononi, hana pa kuutua. Leo mtu ameupokea.

"Na matanga mmeanua lini?" Bibi akauliza.

"Hatujaanua. Ni sungura, Bibi."

"Si umemlilia? Si amezikwa? Sasa mko msibani mpaka leo, na wewe umeshaanza kugawa mali. Mambo gani hayo? Mtani wenu hapa mtaani nani?"

"Bi Hidaya. Ni Mnyamwezi wa Tabora."

"Kamwite. Mwambie Waluguru wana msiba."

Bi Hidaya, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akimshonea Eva sare tangu darasa la kwanza, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtani akiitwa msibani anajua kazi yake, kuwatania wafiwa mpaka wacheke. Alikuja amevaa kanga ndani nje, chupa ya chai mkononi.

"Hodi wenye msiba. Chai ninayo. Nimeambiwa hapa kuna kitumbua."

Eva alihisi machozi yanapanda. Bibi akamgusa bega. "Mtani hajibiwi kwa machozi. Mjibu."

"Kimekwisha," Eva alisema kwa shida. "Umechelewa."

"Nimechelewa kwa sababu yenu. Mngenipigia akiwa hai, tungemla kwa heshima. Nyie Waluguru mnalima kabichi miaka yote na hamjui linavyoliwa."

"Tua mzigo kwanza, Mnyamwezi," Bibi akamjibu. "Nyie mmezoea kubeba vya watu mpaka pwani."

Bi Hidaya akaokota jani la kabichi, akaling'ata kwa meno ya mbele, akaruka kuuzunguka mpapai huku akitikisa makalio, akiigiza jinsi marehemu alivyokimbilia chakula. Alikuwa mama mnene. Mama yake Eva ilibidi aingie jikoni akachekee huko. Kisha Bi Hidaya akasimama juu ya kaburi, mikono kiunoni, sura imekunjwa.

"Naomba muuaji ajitokeze. Sitoki hapa mpaka nimwone."

Bibi aliendelea na njegere zake.

"Ni mimi," Eva akasema.

"Wewe? Mfupi hivi? Ulimuua kwa kitu gani?"

"Kwa kabichi."

"Kwa kabichi," Bi Hidaya akarudia polepole. "Wenzako wanatumia panga."

Eva akacheka. Kicheko kilitoka pamoja na machozi, akakiacha kitoke. Alipojifuta macho, Bi Hidaya alikuwa ameshafungua banda na kumbana Bagia kwapani.

"Faini yangu hii. Leo kwangu pilau."

"Mrudishe, Bi Hidaya."

"Wa nini? Si unamngoja Alois? Nimesikia mkono wako unaua."

Eva akasogea mpaka mbele yake. Aliutazama mkono wake, ule wa kulia, uliokuwa umeingia kwenye salfeti.

"Mkono wangu ulijua," alisema. "Ulihisi joto. Mimi ndiye sikuusikiliza. Nipe sungura wangu."

Bi Hidaya alimwangalia, uso wa mzaha ukamtoka kidogo, akamkabidhi Bagia taratibu. Eva akamshika vizuri, mkono mmoja chini ya miguu ya nyuma, kama alivyokuwa akimshika siku zote.

"Basi sitoki mikono mitupu," mtani akasema. Bibi akampa lile kabichi kubwa. Bi Hidaya akafagia uwanja wote mpaka chini ya mpapai, akayatupa majivu ya jiko kwenye shimo la taka, akatangaza kwamba matanga yameanuliwa na Waluguru waende wakaoge.

Alois alifika mchana na tenga lake. Eva alimpokea mlangoni mwenyewe.

"Shikamoo kaka Alois. Samahani, umefika bure. Bagia haendi."

"Mama yako si aliniambia?"

"Alikwambia nilivyomwambia mimi. Sasa na mimi ndiye ninayekwambia haendi."

Alois akacheka, akaomba maji ya kunywa, akaondoka na tenga lake.

Eva akafungua salfeti aliyokuja nayo Bibi, akamwaga majani kivulini juu ya mkeka, akaanza kuyatandaza moja moja. Akaingiza mkono katikati ya lundo lililobaki. Moto. Akazidi kutandaza. Nje wenzake wakamwita kwamba upande wao umepungukiwa mtu.

"Anzeni," akajibu bila kuinua kichwa. "Nikimaliza nakuja."